Aliyekosekana Barazani: Somo la Msimbo U0126

Nyinyi mafundi mliofunga gereji mapema kuja hapa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, naona mmekaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Sogeeni mbele, maana leo nitaungama kwenu.

Mwaka jana gari langu, dogo tu, lililotoka Japani likiwa limeshatumika kama mengi tunayoyaendesha hapa, lilianza kuwasha taa ya ABS na ile ya utelezi. Hazikuwaka kila siku. Kutoka Khayega hadi mjini kwenye lami, kimya. Nikiacha lami kuingia kwetu, zinawaka zote mbili. Nikalipeleka gereji moja. Kijana akachomeka mashine yake chini ya dashibodi, akanionyesha: U0126, mawasiliano na sensa ya pembe ya usukani yamepotea. “Mwalimu, sensa imekufa.” Nikanunua sensa, akaifunga. Akafuta msimbo, taa zikalala siku mbili, ya tatu zikaamka. Mimi hufundisha umeme, na nililipa bila kuuliza swali hata moja.

Msimbo unaoanza na P unahusu injini na gia, wa B bodi, na wa C chasi, yaani breki, usukani na jamaa zao. Wa U ni wa mtandao, nao ni malalamiko ya mtu wa tatu. Kompyuta ya breki ilikuwa ikimngoja sensa aseme usukani umegeuzwa kiasi gani. Muda ukapita, hakusikika, ikaandika kwamba hakuja. Kwa nini hakuja, haijui. Huenda amekufa kweli. Huenda hajala, fyuzi imeungua. Huenda njia imekatika. Mzee akikosekana barazani hatumchimbii kaburi kabla ya kumtuma mtoto nyumbani kwake.

Mtoto huyo aulize kwanza: nani mwingine analalamika, na anamkosa nani? Wote wakimkosa mmoja, mchunguze huyo, chakula chake na njia yake. Mmoja akidai amewakosa wote, basi huenda kiziwi ni yeye. Kijana yule alisoma kompyuta moja tu kati ya zote zilizomo.

Baraza lenyewe, yaani mtandao unaoziunganisha kompyuta za gari, ni kazi ya kampuni ya Bosch, iliyoanza kulibuni mwaka 1983 na kulitangaza Detroit Februari 1986. Bila mtandao wa namna hiyo, kila kifaa kinachotaka kuzungumza na mwenzake huvuta waya wake, na gari hugeuka tita la shaba. Bosch waliweka nyaya mbili, zimesokotwa kama kamba. Kelele ya umeme ikivamia huzipata zote mbili sawasawa, na msikilizaji huangalia tofauti yao tu. Pakiwa kimya, kila mmoja una voti 2.5 hivi, mtu akisema, mmoja hupanda kuelekea 3.5 na mwenzake hushuka kuelekea 1.5. Hakuna mwenyekiti. Wakianza wawili pamoja, mwenye namba ndogo huendelea na mwingine hunyamaza akingoja zamu, bila neno la yeyote kuharibika. Nimeketi katika mikutano mingi ya chuo kikuu; sitasema zaidi.

Mwisho wa njia hiyo, huku na huku, pana kikinza cha omu 120. Kwa hiyo toa waya wa betri, gusisha mita kwenye tundu la 6 na la 14 la soketi ile ya matundu 16. Ukisoma 60, vikinza vyote viwili vinaonekana na njia haijakatika kati yao. Ukisoma 120, upande mmoja umepotea. Karibu na sifuri, nyaya zimegusana. (Magari yenye lango la mtandao nyuma ya soketi hayakupi jibu hapo, utazifuata nyaya zenyewe.)

Langu lilisoma 60. Fyuzi nzima. Ikabaki athi, njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Gari likiwa limezimwa, mita ikasema athi ni safi, nami nikaiamini kwa siku nzima. Mita inapopima omu hupitisha mkondo mdogo mno. Uzi mmoja ulioshikilia kwa bahati unatosha kuiridhisha. Athi hupimwa kazini: swichi ikiwa imewashwa, ncha moja kwenye athi ya sensa, nyingine kwenye hasi ya betri, usome voti. Ikizidi 0.1 hivi, anza kushuku. Nilimwomba mwanangu alitikise gari, namba ikaruka ikapita 4.

Chini ya dashibodi kulikuwa na bolti ya milimita 10, na juu yake waya mweusi mgeni. Gari nililinunua kwa mkopo, na mkopeshaji hufunga kifaa cha kulifuatilia. Aliyekifunga alitafuta athi ya karibu, akabana waya wake juu ya athi ya kiwandani, akakaza kwa vidole, akaenda zake. Nilipiga msasa, nikakaza kwa spana. Kisha nikairudisha sensa ya zamani, ndiyo iliyomo hadi leo. Mpya iko mezani kwangu, inazuia karatasi zisipeperuke.

Magari yetu hufika yakiwa na umri wa hadi miaka 8, kisha yanaongezewa king'ora, redio, kifaa cha mkopeshaji. Matatu nazo, tangu kanuni za waziri Michuki zilipoanza kutumika 2004, huongezewa na kidhibiti mwendo. Kila kimoja kina mkono wa mtu ndani ya nyaya. Ndiyo maana hapa Kakamega mimi huanza na waya ulioongezwa, kisha maji ya mvua kwenye plagi, kisha panya. Sensa yenyewe naiweka mwisho.

Gari liko nje, karibu na lango. Asubuhi nimeilegeza bolti ile kwa makusudi, na nimechomoa kitu kingine ambacho sitakitaja. Wenye mita tutoke sasa, kabla mvua ya alasiri haijatukuta.