Zamu si ya Askari Peke Yake

Ndugu askari wa jeshi na polisi, nyinyi mwaijua zamu kuliko raia wengi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 iliweka saa 48 za kazi kwa juma. Penye zamu, saa hizo zaweza kuzidi, mradi wastani wa majuma matatu usipite 56. Hivyo mwenye kinu cha mahindi pale Kisenyi aweza kumpunguzia saa mama mwenye mtoto mgonjwa juma hili, naye akazifidia juma lijalo, mshahara wake usiguswe. Sheria hiyo haiwahusu wanajeshi, bali yawahusu wake na ndugu zenu walioajiriwa vinuni. Kupanga zamu kwa mapatano hakuvunji nidhamu. Kinachoivunja ni ratiba isiyojali mtoto mgonjwa, kwani hiyo huzaa utoro.