Joseph E. Harris, James Mbotela na Ushahidi wa Kiswahili



Mwezi Oktoba 1965, hapa Mlimani, majengo ya Chuo yakiwa bado mapya, ulifanyika mkutano wa kimataifa wa wanahistoria wa Afrika. George Shepperson, wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, aliwafananisha Waafrika waliotawanywa ulimwenguni na Wayahudi, akawapa jina lilelile la kutawanyika: diaspora.

Mwaka huohuo, huko Northwestern, Marekani, Joseph E. Harris alipata shahada ya uzamivu. Alizaliwa North Carolina mwaka 1929, akasoma Howard, chuo mashuhuri cha Wamarekani Weusi, na baadaye akafundisha hukohuko. Wenzake wengi walipoitafuta historia ya watu wao waliitazama Atlantiki. Harris aliigeukia Bahari ya Hindi. Kitabu chake cha 1971 kinawafuata watumwa wa pwani yetu hadi Bara Hindi. Na wengine, waliolelewa na wamisheni huko Nasik, anawafuata tena wakirudishwa Mombasa, kwenye kijiji cha Freretown kilichoanzishwa mwaka 1875.

Huko alikutana na mtu anayetuhusu sisi wa Kiswahili: James Juma Mbotela, mtoto wa mahuru, mwandishi wa *Uhuru wa Watumwa* (1934). Kitabu hicho tumekigombania miaka mingi. Je, ndiyo riwaya ya kwanza ya Kiswahili, au si riwaya kabisa? Tumekilaumu pia kwa kumsifu Mwingereza mno, na lawama hiyo ni ya haki. Ila katika kumhakiki msanii tulimsahau shahidi. Harris, mgeni, ndiye aliyemwendea kama shahidi. Kumbukumbu za Mbotela alizozihariri zilichapishwa Nairobi mwaka 1977. Nakiri kuwa jambo hili hunitia wivu, maana kazi hiyo ilikuwa yetu.

Ilikuwa yetu kwa sababu ya lugha. Mtafiti asiyetofautisha *mateka*, *mzalia*, *mtoro* na *huru* ataandika "mtumwa" mahali pote, na maisha manne yatakuwa moja. Tofauti hizo hazipatikani katika kumbukumbu za manowari za Kiingereza, ambazo ziliwahesabu watu tu.

Wanafunzi wangu wanaokwenda kurekodi wazee Temeke na Kinondoni huniuliza waanzie wapi. Mjini humu wapo watu ambao mababu zao walifika pwani kwa misafara kutoka Manyema na Nyasa, baadhi kwa hiari, baadhi kwa minyororo, na si adabu kumuuliza mtu babu yake alikuwa wa kundi lipi. Aulizwaye hivyo atanyamaza, na ana haki. Waulizeni wazee majina ya koo, ngoma zilizochezwa harusini, nani alimzika nani. Neno lenyewe, likija, na lije kwa kinywa cha mzee. Nanyi liandikeni kama alivyolitamka.