Mahali Patupu Katika Mji



Leo twapenda kuwaelezeni maneno machache yatumiwayo na watu wa mipango miji. Huenda mwanakijiji akasema, "Maneno hayo ni ya maofisini, hayanihusu." Lakini miji hukua. Kimara, katika njia iendayo Morogoro, palikuwa mashamba. Leo ni mitaa ya Dar es Salaam. Basi mwenye shamba aweza kuwa mtu wa mjini pasipo kuhama nyumbani kwake.

Neno la kwanza ni matumizi ya ardhi, yaani kazi iliyopewa kila sehemu: hapa pa kukaa watu, hapa pa biashara, hapa pa viwanda, hapa pa shule, hapa pa makaburi. Kazi hizo huandikwa katika mchoro wa mipango miji, kisha mpima huja kuweka mawe ya mipaka. Mwenye kiwanja cha kukaa hawezi kukigeuza kuwa karakana mpaka apate kibali cha kubadili matumizi, maana moshi na kelele havijui mpaka wa jirani.

Neno la pili ni kanda. Mji hugawanywa kanda kanda, na kila kanda ina sheria zake za ujenzi. Katika Dar es Salaam mgawanyo huo ulianza vibaya. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891 zilitenga mahali pa nyumba za Kizungu, mahali pa nyumba nyingine za mawe, na mahali pa nyumba za udongo na makuti. Waingereza nao wakafanya kanda tatu. Sheria zilitaja namna ya nyumba, lakini watu walifahamu maana yake, wakasema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Kariakoo na mji wa biashara uliachwa uwanja wa Mnazi Mmoja, ili watu watengwe. Kanda za leo hutenga kazi, hazitengi rangi za watu.

Lakini uwanja ule haukupotea. Watu waliotengwa nao wameufanya uwanja wao, wa mikutano na sherehe. Hapo twafikia neno la tatu, nalo ni eneo la wazi. Ni mahali palipoachwa makusudi bila nyumba, watoto wapate kucheza na watu wapate kupumua. Neno hili ndilo liwaponzalo wanunuzi wengi. Mtu huonyeshwa mahali pazuri, bei ni nafuu, na mwuzaji husema, "Pako wazi, hapana mtu." Naam, hapana mtu, lakini hii haina maana ya kuwa hapana kazi. Mahali patupu katika mchoro pana kazi yake kama palipo na nyumba.

Neno la nne ni hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi kando ya njia, uliowekwa kwa ajili ya kupanua barabara, mifereji na mabomba. Zamani hifadhi ya barabara kuu za Tanzania ilikuwa mita 22.5 kila upande, kupimwa toka katikati ya njia. Sheria ya mwaka 2007 iliifanya kuwa mita 30. Aliyejenga kwa haki nje ya mpaka wa zamani, kisha mpaka mpya ukamfuata, hustahili fidia, yaani malipo ya mali atakayoipoteza. Lakini aliyejenga ndani ya hifadhi hana fidia. Katika mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kando ya njia ya Morogoro, kuanzia Kimara hata Kiluvya. Mtu aliyejenga kwa akiba ya maisha yake aliondoka na mabati na milango tu.

Neno la tano ni eneo la hatari, kama vile bonde la mto. Bonde la Msimbazi hukauka, likaonekana kama kiwanja kisicho na mwenyewe. Kumbe mwenyewe ni maji. Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, maji yakajaa bondeni, watu wakafa, na wengi waliookoka wakapelekwa kuanza maisha upya Mabwepande, mbali na kazi zao.

Basi, ndugu zetu, kabla hamjatoa fedha, nendeni katika ofisi ya ardhi ya halmashauri, mkaulize mambo matatu. Kwanza, mahali hapa pamo katika mchoro gani, na kazi yake ni nini? Pili, mpaka wa barabara wafika wapi? Tatu, je, mawe ya mipaka yaonekanayo chini yapatana na ramani ya mpima? Msiridhike na maneno ya mwuzaji, wala na maandishi ya mashahidi wake peke yake. Mashahidi waweza kushuhudia malipo, lakini hawawezi kugeuza kazi ya ardhi.

Nanyi wanafunzi, mjuao kusoma ramani, wasaidieni wazee wenu katika jambo hili. Safari ya siku moja kwenda ofisini yaweza kuokoa nyumba iliyojengwa kwa miaka ishirini. Kuuliza si ujinga.

Kwaherini.