Ruzuku Iwahi Mvua

Msikilizaji, kuna msemo umezoeleka vilabuni na hata maofisini: mpe maskini fedha taslimu, kesho utamkuta kwenye ulanzi. Nimeusikia Iringa mjini, nimeusikia na Uyole.

Na fedha hiyo taslimu hutoka wapi? Benki Kuu ya Tanzania haina kawaida ya kumpa mwananchi fedha mkononi. Corona ilipobana mwaka 2020, ilishusha kiwango cha amana ambacho mabenki hulazimika kuweka kwake, kutoka asilimia 7 hadi 6, ili yapate cha kukopesha. Kwa bibi wa Kilolo asiye na akaunti, hiyo ilibaki habari ya redioni. Yeye anayemfikia ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, kwa mpango wa kunusuru kaya maskini ulioanza mwaka 2012, ambao ruzuku yake hupangwa kulipwa kila baada ya miezi miwili.

Haya, siku ya malipo simama karibu na ofisi ya kijiji. Mama anachovya dole gumba kwenye wino, anahesabu noti, anazifunga kwenye pindo la khanga. Hajafika mbali, mwenye duka anamsubiri na daftari la madeni: unga, sabuni, chumvi. Kinachobaki ni sare ya mtoto, au mtetea mmoja wa kufuga. Wapo wanaokunywa, sikatai. Hata mishahara hunywewa, na sijasikia mtu akidai ifutwe.

Majaribio ya awali ya ruzuku ya TASAF yalifanyika Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Kaya zilizopata ruzuku zilijiunga zaidi na bima ya afya ya CHF, zikaongeza kuku na mbuzi. Siaya, nchini Kenya, kaya zaidi ya 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja. Bei sokoni hazikupanda kwa kiasi cha maana, na majirani ambao hawakupewa kitu nao walinufaika.

Mpokeaji simtilii shaka. Ninayoitilia shaka ni kalenda ya malipo. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, na kupanda ni kuanzia Novemba. Fedha ikifika wakati huo, ni mbolea. Ikichelewa hadi Februari inakuta mahindi yamegeuka njano shambani na nyumbani hakuna debe la akiba, inaliwa yote. Halafu tunasema watu hawa hawana mipango!

TASAF, pamoja na halmashauri zetu za Mbeya na Iringa: tangazeni tarehe za malipo mapema, zibandikwe kwenye ubao wa kijiji, na malipo ya mwisho wa mwaka yatoke kabla mbegu hazijaingia ardhini.