Breki za Nyuma Zinazoshika Ghafula

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na barabara za kwenda vituo vya kununulia majani huteleza. Pikapu kuukuu ambayo breki zake za nyuma hushika ghafula, hasa ikiwa tupu, yaweza kuteleza mkia na kuangamiza watu.

Dereva mwenye busara halegezi breki na kwenda zake. Kwanza huchunguza. Ikiwa zashika asubuhi tu, kisha zatulia baada ya kukanyagwa mara chache, sababu ni unyevu na kutu nyembamba ndani ya dramu. Lakini zikiendelea kushika mchana kutwa, fundi aweke mawe mbele ya magurudumu ya mbele, kisha afungue dramu zote mbili.

Akikuta mafuta mazito ya difu, sili ya ekseli imechoka. Akikuta mafuta mepesi ya breki, silinda ya gurudumu inavuja. Laini iliyolowa haiponi kwa petroli wala msasa. Mvujo ukiisha kuzibwa, sharti laini za pande zote mbili zibadilishwe. Springi zilizolegea na kebo ya breki ya mkono iliyokazwa mno zitazamwe pia. Vumbi lisipulizwe, kwani laini za zamani huenda zina asbesto, nayo hudhuru mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Sili hununuliwa dukani, uhai haununuliwi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.