Mwanasheria Mkuu Aliyepewa Likizo

Mtu akitaka kununua shamba la minazi, kwanza humwonyesha hati mjuzi wa sheria. Serikali nayo ina mjuzi wake, ndiye Mwanasheria Mkuu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, kazi hiyo hapa Unguja aliishika Bwana Wolfgang Dourado.

Tarehe 22 Aprili mwaka ule Rais Karume na Rais Nyerere walitia sahihi Hati ya Muungano, hapa hapa mjini. Dourado alikuwa wapi? Likizo! Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alipewa wiki moja apumzike, akaitwa mwanasheria wa Uganda, Dan Nabudere.

Mwaka 1983 aliukosoa Muungano mbele ya wanasheria wenzake wa Bara. Kisha akawekwa kizuizini.

Wiki ijayo, inshallah, tutaisoma hati yenyewe.