Kiyoyozi Dirishani: Ukuta na Waya Kwanza



Mtu aliyewahi kulinda lango la kambi mjini Bujumbura saa nane za mchana, mwezi wa Septemba, hahitaji kuelezwa maana ya joto. Mji huu umelala katika uwanda wa Imbo, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye kimo cha mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati Gitega iko kwenye mita 1,500. Askari anayehamishwa kutoka milimani kuteremka huku hulala juma la kwanza akigeukageuka kitandani mpaka alfajiri. Si ajabu, basi, kwamba mashine ya kupoza hewa, iliyokuwa zamani pambo la mabenki na la nyumba za wakubwa wa Rohero, sasa inatamaniwa hata katika mitaa kama Nyakabiga, kati ya Bwiza na kampasi ya Mutanga.

Wapo walioizoea kazini. Kuanzia Desemba 2007 maelfu ya wanajeshi wa Burundi walikwenda Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika, na baadhi yao walionja huko usingizi wa chumba chenye kiyoyozi. Mtu akirudi na akiba yake, akajenga vyumba viwili vitatu, hutamani usingizi uleule. Tamaa hiyo haina kosa. Lakini kambi hutunzwa na mafundi walioajiriwa kwa kazi hiyo, na nyumba ya kupanga katika kiwanja cha Nyakabiga haina mtu wa namna hiyo.

Mashine inayozungumzwa hapa ni ile ya kisanduku kimoja, ambayo viungo vyake vyote, yaani kompresa, feni na mabomba ya gesi, vimefungwa pamoja kiwandani. Sehemu moja hukaa chumbani na nyingine hutokeza nje. Kwa kuwa hakuna mabomba ya kuunga wala gesi ya kujaza, watu huiona kazi nyepesi: kutoboa ukuta, kusukuma, kuchomeka. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kisanduku kimejaribiwa kiwandani kabla ya kuuzwa. Ukuta kitakaokalia na waya utakaokilisha havikujaribiwa na mtu yeyote.

Na ufikiriwe ukuta kwanza. Kisanduku kidogo huwa na uzito wa kilo 30 hivi, na kikubwa hufika kilo 60. Tena sehemu iliyo nzito zaidi ni ile ya nje, yenye kompresa, kwa hiyo mashine nzima hutaka kuanguka upande wa uani. Nyumba nyingi za mitaa ya zamani ya Bujumbura zimejengwa kwa matofali ya udongo yasiyochomwa, yakapakwa saruji juu. Kwa macho ukuta huo ni imara. Msumari wenyewe hujua siri yake. Fremu ya dirisha nayo ni ya mbao, na haijulikani mchwa wameila kiasi gani. Kuuegemeza mzigo wa kilo 40 juu ya fremu hiyo, huku chini yake pana njia ambayo watoto wa kiwanja hupita kwenda bombani, ni kuweka jiwe juu ya vichwa vyao.

Dawa yake haina ghali. Fundi wa kuchomelea hutengeneza kiti cha pembe za chuma, chenye miguu inayoteremka na kukanyaga msingi wa nyumba au ardhi yenyewe, hata uzito usiwe juu ya tofali wala juu ya fremu. Tundu likitobolewa ukutani, lazima liwekewe linta juu yake. Anayeng'oa matofali chini ya ncha ya boriti la paa hana budi kutarajia paa limfuate. Kunyanyua ni kazi ya watu wawili wakishika kitako cha mashine, wala si uso wake wa plastiki, na uani kusiwe na mtu yeyote mpaka bolti ya mwisho ikazwe.

Kuna adui mwingine wa ukuta, asiyedhaniwa, nayo ni maji. Kiyoyozi hukamua unyevu wa hewa na kuudondosha. Ndiyo maana hulazwa kidogo upande wa nje, mwinamo wa sentimita moja hivi, ili maji yasirudi kitandani. Maji hayo yakiachwa yateremke juu ya ukuta wa udongo usiku kucha, mwezi baada ya mwezi, hula tofali lilelile linaloishikilia mashine. Kipande cha bomba na ndoo vinatosha kuzuia maafa hayo, na mama wa nyumba hupata maji ya kufulia.

Sasa waya, na hapa ndipo penye mauti. Mashine ya BTU 9,000 hutumia wati 800 hadi 1,000, na ile ya BTU 12,000 huzidi hapo kidogo. Kwa hesabu ya volti 220, hiyo ni ampia nne au tano au sita, jambo ambalo waya mzuri hulibeba bila shida. Lakini kompresa inapoanza kuzunguka huvuta kwa nukta chache mara kadhaa ya kiasi hicho, tena hufanya hivyo mara nyingi usiku mmoja. Waya mwembamba wa taa, wa milimita moja na nusu, uliokwisha kuungwaungwa darini kwa utepe, hauwezi kustahimili. Hupata moto pale penye maungio, kimyakimya, juu ya watu waliolala.

Katika viwanja vingi vya Nyakabiga familia tatu au nne hutumia mita moja ya Cash Power ya REGIDESO, na waya mmoja hutambaa kutoka chumba hadi chumba. Anayechomeka kiyoyozi mwanzoni mwa waya huo anaweza kuunguza chumba cha jirani aliye mwisho wake, ambaye hajawahi kuhisi baridi ya mashine hiyo. Kwa sababu hiyo kiyoyozi hakina budi kupewa waya wake peke yake kutoka kwenye mita: waya wa shaba wa milimita mbili na nusu, wenye kikata umeme chake cha ampia 16 au 20, na soketi yake. Waya wa kuongezea, ule wa kuviringishwa unaouzwa sokoni kwa ajili ya redio na simu, haufai hata kwa usiku mmoja. Na yule anayefunga uzi wa shaba mahali pa fyuzi iliyokatika ameondoa mlinzi langoni kwa sababu mlinzi alipiga kelele.

Alfajiri ya tarehe 7 Desemba 2021 moto uliteketeza gereza la Gitega. Serikali ilitangaza vifo vya watu 38, na Wizara ya Mambo ya Ndani ikataja hitilafu ya umeme kuwa chanzo. Tukio hilo halitajwi hapa kwa sababu ya viyoyozi. Linatajwa kwa sababu askari na polisi wanajua kuliko raia jinsi moto wa umeme unavyokimbia mahali palipo na watu wengi na milango michache.

Waya wa tatu, ule wa ardhi, ndio unaodharauliwa kuliko vyote. Fundi wa njiani huukata, au huuficha ndani ya soketi bila kuuunga popote, kwa kuwa mashine hupoza bila huo. Ni kweli hupoza. Ila siku waya wa ndani utakapochubuka na kugusa bati la kisanduku, kisanduku kizima kitakuwa na umeme, na atakayekigusa akiwa miguu mitupu juu ya sakafu iliyolowa ndiye atakayekuwa njia ya kwenda ardhini. Waya huo lazima ufungwe kwenye nguzo ya shaba iliyopigiliwa ardhini meta moja na nusu au mbili, na wakati wa kiangazi mahali hapo pamwagiwe maji, kwani udongo mkavu haupitishi vizuri. Juu ya hayo kipo kikata umeme cha miliampia 30, ambacho huhisi umeme unaovuja na kuukata kabla moyo wa mtu haujasimama. Bei yake ni ndogo mbele ya bei ya mashine.

Mashine za mitumba nazo zina mtego wake. Baadhi hutoka Marekani, zimetengenezwa kwa volti 115, na zikichomekwa katika soketi ya Bujumbura huungua mara moja. Kibandiko cha nyuma kisomwe kabla ya fedha kutolewa mfukoni.

Lipo pia jambo la dirisha lenyewe. Chumba cha kupanga aghalabu kina dirisha moja na mlango mmoja. Kiyoyozi kikilijaza dirisha, na nondo zikabaki nje yake, mlango ndiyo njia pekee ya kutokea moto ukiwaka. Nondo zikiondolewa ili kisanduku kiingie, mwizi hupata njia, kwa sababu kisanduku kisichofungwa kwa bolti husukumwa ndani kwa mikono miwili. Polisi wa mtaa hawahitaji kufundishwa hilo. Kwa hiyo ni bora tundu litobolewe ukutani, likazungushiwe chuma, na dirisha libaki dirisha.

Isitoshe, watu wengi huamini kwamba kiyoyozi huingiza hewa safi kutoka nje. Sivyo. Huizungusha hewa ileile ya chumbani na kuipoza. Basi mtu aliyeziba nyufa zote ili baridi isitoke, kisha mvua ikanyesha na jiko la makaa likaingizwa ndani, amejenga chumba cha kufa. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu wala rangi. Jenereta nayo isiwekwe uani karibu na tundu la kiyoyozi umeme unapokatika, kwani moshi wake hupenya kandokando ya kisanduku.

Hapa hapana budi kusemwa neno la nidhamu. Mkubwa anapomtuma koplo wake siku ya Jumapili akamtundikie mashine, eti kwa kuwa kijana huyo aliwahi kushika bisibisi, koplo hawezi kukataa. Amri ya namna hiyo haimpi ujuzi asiokuwa nao. Vivyo hivyo, wako wanaounga waya kabla ya mita, wakijua kwamba mtumishi wa REGIDESO hatathubutu kumuuliza mwenye sare. Waya huo haupiti katika kikata umeme chochote, na ukipata moto hakuna kitakachouzima.

Nao polisi, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kufika, wakimkuta mtu ameshikwa na umeme wasimguse. Umeme ukatwe penye mita. Ikishindikana, asogezwe kwa mti mkavu. Moto wa mashine usimwagiwe maji kabla umeme haujakatwa.

Mashine ikiisha kufungwa, kuna jaribio dogo la usiku wa kwanza. Iwashwe, iachwe nusu saa, kisha mkono mkavu ugusishwe kwenye ganda la plagi na juu ya waya. Uvuguvugu hauna neno. Umeme ukikatika na kurudi, zingojwe dakika tatu hadi tano kabla ya kuwasha tena, ili kompresa ipumue. Lakini plagi ikiwa ya moto, au harufu ya mpira ikasikika chumbani, mashine izimwe, plagi ichomolewe, madirisha yaliyobaki yafunguliwe, na watu walale na joto lao mpaka fundi aje asubuhi.